Jiko la Kezia kwenye Ukurasa wa Balozi

"Sema walikulipa ngapi, Kezia! Semea hapa nje, watu wasikie!"

"Nimekwambia tangu Ijumaa, sijalipwa hata ya kiberiti."

"Balozi mzima akuweke kwa ukurasa wake bure? Wewe ni nani, mke wa rais?"

"Muulize yeye. Si una simu?"

"Nimuulize nini na wewe ndiye umeuza jina la ploti yetu? Tangu ile picha itoke sijasuka kichwa hata kimoja. Kimoja, Kezia! Juzi msichana alifika hapo getini, akaangalia mtaro, akaangalia simu yake, akageuka. Eti atanipigia. Nani humwambia msusi atampigia?"

Ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na ploti ya Mzee Obura pale Mowlem, Eastlands ya Nairobi, ilikuwa imeamka yote kwa mpigo. Milango kumi na miwili ilikuwa wazi. Waliokuwa wakipiga mswaki walisimamisha mswaki, na mama mmoja alianika shati lile lile mara tatu ili asikose neno. Muthoki, msusi wa nyumba namba tano, alikuwa katikati ya ua na kitana mkononi. Kezia Mideva, mpishi wa nyumba namba sita, alikuwa ameinamia karai la sukuma wiki, akiosha jani moja moja. Hakuinua kichwa, na hilo ndilo lililomchoma Muthoki zaidi.

Picha yenyewe kila mtu alikuwa ameiona. Ubalozi wa nchi moja ya Ulaya uliiweka kwenye ukurasa wake siku ya Alhamisi: Kezia ameinama na bakuli, anachota maji kwenye pipa la bluu, na nyuma yake mtaro umepasuka, unatiririka mweusi. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo Mitchelle, bintiye Kezia, alikuwa amewatafsiria watu mpaka yakamkaa ulimini kama sala: kabla ya mradi wetu wa maji safi, mama huyu wa Nairobi alikuwa akiwapikia watu kwa maji ya mtaro; leo, kwa msaada wetu, kipindupindu kimekwisha. Halafu bendera mbili ndogo, ya kwao na ya Kenya, na mikono miwili inayosalimiana.

Mtaro ulipasuka kweli, siku moja, mwezi wa tatu, siku ile watu wa mradi walipita na kamera. Lakini maji ya pipa yalikuwa ya kisima cha Burale, muuza maji, mitungi sita kila alfajiri, kwa mkokoteni, na Kezia hakuwahi kupikia mengine. Bomba la mradi lilifunguliwa kwa utepe na soda, likatoa maji wiki chache, likanyamaza. Sasa watu waliegemeza baiskeli hapo.

"Maliza, Muthoki," Kezia alisema hatimaye. "Ukimaliza unipishe, nina watu wa kupikia."

"Watu gani?" Muthoki aliuliza.

Ua mzima ukamgeukia Kezia, maana swali lilikuwa la haki.

 

Kibanda cha Kezia kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Dandora: mabati matatu, mabenchi mawili, na turubai la kuzuia vumbi. Kwa kawaida ikigonga saa saba, vijana wa mjengo walijaa hadi wengine wakala wamesimama, sahani juu ya kiganja. Siku hiyo saa saba ilifika peke yake.

Masinde, fundi wa mawe aliyekula hapo miaka minne, alipita upande wa pili wa barabara na mkate chini ya kwapa.

"Masinde! Leo kuna omena, ile unapenda, ya maziwa."

"Ah, Mama Mitch, leo tumbo haiko fiti."

"Tangu Ijumaa?"

Masinde alijikuna shingo. Mwenzake mwenye kofia ya plastiki akapaza sauti: "Mathe, hiyo ya mtaro ni ngapi? Ama ni ya wazungu pekee?" Kundi likaangua kicheko. Masinde hakucheka. Lakini pia hakuvuka barabara.

Saa tisa Kezia alifunika sufuria zikiwa zimejaa. Jioni familia ilikula chakula cha wateja, kama Ijumaa, kama Jumamosi. Mumewe, Sylvance Owuor, alimeza omena kama mtu anayemeza dawa. Mitchelle alikuwa na simu kando ya sahani.

"Wamejibu," akasema.

"Ubalozi?"

"Hapana, wenye mtandao. Ile ripoti tulituma." Alisoma kwanza kimoyomoyo, na uso wake ukashuka. "Wanasema wameiangalia picha na haivunji kanuni za jamii yao."

"Jamii gani?" Kezia akauliza.

"Mathe, ndivyo tu husema."

"Hapana, nauliza. Jamii ni watu. Chama chetu cha akiba kina watu kumi na nane. Tukitaka tu kubadilisha saa ya kukutana, tunakaa chini, mmoja anatoa pendekezo, mwingine anamuunga mkono, yaani anasekondi, tunainua mikono, katibu anaandika. Hawa walikaa lini? Nani alikuwa mwenyekiti? Wana uso wangu, wana jiko langu, na mimi sikuitwa mkutano!"

"Mikutano yao huwa Amerika," Sylvance alisema.

"Basi wangetuma nauli."

Mitchelle alicheka, kisha akaacha. "Tuandike chini ya picha yenyewe. Hapo kila mtu husoma."

"Andika," Kezia alisema, akafuta mikono kwa leso. "Mimi ndiye huyo mama. Maji hayo ni ya kisima na ninayanunua. Hakuna mtu amewahi kuugua kwa chakula changu. Bomba lenu halina maji tangu mwezi wa tano. Toeni picha yangu. Kezia Mideva, Mowlem."

"Niweke 'tafadhali'?"

"Ya nini?"

Maneno hayo yalikaa hapo dakika ishirini. Watu mia tatu waliyapenda, mmoja akaandika kutoka mtaa wa Tena kwamba hata bomba lao ni la kuegemeza baiskeli. Kisha Mitchelle akaanza kugongagonga kioo cha simu.

"Tumeblokiwa."

"Ndio nini?"

"Ni kama wametufungia geti. Hatuwezi kuona ukurasa wao tena."

"Na picha yangu?"

"Bado iko kwao."

Kezia aliichukua simu, akaigeuza. "Yaani wamenifungia nje," akasema, "na mimi niko ndani."

 

Sylvance Owuor alikuwa karani wa faili katika ofisi moja mjini inayoshughulika na mambo ya maji. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, mitatu ilikuwa imebaki astaafu. Jumanne mkubwa wake, Bwana Opicho, alimwita, na hakumwambia akae.

"Owuor, huyu ni mke wako?"

Simu iligeuzwa. Kuna mtu aliyapiga picha yale maneno kabla geti halijafungwa, na sasa yalikuwa yanazunguka kila ofisi.

"Ni yeye, mkubwa."

"Unajua awamu ya pili ya mabomba inatoka kwa nani?"

"Najua."

"Basi mwambie mama apike. Mambo ya mabalozi yana wenyewe. Kuna wizara, kuna itifaki. Siku hizi diplomasia iko kwa simu, Owuor: asubuhi balozi amepost, mchana waziri amejibu, jioni mkataba umetiwa sahihi. Sasa katikati ya hayo anaingia mke wako na omena." Bwana Opicho aliirudisha simu mfukoni. "Ukitoka, nitolee hicho kikombe."

Kulikuwa na mhudumu wa chai. Alikuwa amesimama hapo mlangoni, ameona. Sylvance aliinua kikombe kwa mikono miwili, akampita bila kumwangalia.

Nyumbani alianza kabla hajavua viatu. "Futeni yale maneno."

"Hatuwezi hata kufuta, Baba," Mitchelle alisema. "Tumefungiwa."

"Basi tunyamaze. Kezia, diplomasia si kazi ya mama wa ugali."

"Mimi sikumfuata balozi kwake, Baba Mitchelle. Yeye ndiye ameingia jikoni kwangu."

"Na utashinda nini?"

"Sijui. Lakini nikinyamaza mimi, itakuwa inaongea hiyo picha peke yake. Na umeona vile inaongea. Wiki mbili tena na sina kibanda."

"Na nikipoteza kazi?"

Kezia alimsogezea kiti. Sylvance alikaa, akaanza kufungua kamba za viatu polepole. Alimweleza yote aliyosema Bwana Opicho, kuhusu wizara na itifaki na awamu ya pili. Kuhusu kikombe hakusema.

 

Alhamisi alikuja msichana kutoka ubalozini. Gari liliachwa barabarani, na yeye akaruka mtaro kwa viatu vyeupe bila kuuliza pa kukanyaga, jambo ambalo ua mzima ulilitambua.

"Naitwa Carolyne, Mama. Ofisa wa mawasiliano. Nimelelewa hapo Tena, kwa hivyo mimi si mgeni."

"Karibu, binti. Mitchelle, weka chai."

Carolyne alikaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akashika kikombe. Aliongea vizuri, kwa upole, kama nesi anayetafuta mshipa. Balozi alisikitika kwamba Mama alihuzunika. Balozi alikuwa na wazo. Jumamosi atakuwa na kongamano la vijana huko ukumbini Tena, kuhusu uongozi wa mtandao, yaani nani anapanga sheria za intaneti na haki za wanaoitumia. Akitoka hapo angependa kupita, anywe chai kwa Mama, wapige picha pamoja. Picha ya baadaye.

"Na ile ya kwanza?"

"Ile inabaki, Mama. Bila ya kwanza, ya pili haina maana. Ile imesomwa na waziri kule kwetu." Akajirekebisha haraka. "Kule kwao."

"Basi chai tunywe mimi na wewe. Yeye aje siku picha imetoka."

Carolyne alishusha kikombe. Kutoka kwenye mkoba alitoa karatasi, akailaza mezani. "Mama, sikutaka tufike hapa. Lakini ulikubali. Ulitia sahihi. Soma hapo juu: anayetia sahihi anaruhusu picha yake na maneno yake yatumike. Wewe ni namba kumi na nne."

Kezia alivaa miwani. Aliikumbuka siku. Mkutano wa maji, ukumbi wa kanisa, mwezi wa tatu. Karatasi ilizungushwa kama karatasi zote zinavyozungushwa Eastlands: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Hakuna anayesoma kilichoandikwa juu. Karatasi ni nauli. Jina lako likiwemo, jioni mia tano inaingia kwa simu. Lisipokuwemo, umeketi bure. Kezia mwenyewe hakuwa ndani saa hiyo. Alikuwa nje, nyuma ya kanisa, anawapakulia wageni pilau.

Aliangalia namba kumi na nne. Herufi M ya Mideva ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoana. Mkia huo aliujua. Alikuwa ameuona miaka sita katika kitabu cha chama, kila mwisho wa mwezi, maana katibu wa chama alikuwa Muthoki. Jirani alimwekea jina asikose nauli, kama yeye Kezia alivyokwisha kuwawekea wengine mara nyingi. Na Kezia alikuwa amepokea ile mia tano, akashukuru, akanunua unga.

Alifungua mdomo.

"Kuna tatizo, Mama?" Carolyne aliuliza. "Kwa sababu mtu akisema sahihi si yake, hapo hatuongei tena mambo ya mtandao. Hapo ni kughushi. Ni polisi."

Ukuta kati ya namba tano na namba sita ulikuwa wa mbao. Upande wa pili redio ilikuwa imezimwa ghafla.

Kezia aliufunga mdomo. Alivua miwani, akaikunja. "Hakuna tatizo. Lakini jibu langu ni lile lile. Picha itoke kwanza."

"Mama, hii ni nafasi."

"Ya nani?"

Baada ya gari kuondoka, Muthoki alibaki ameketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo chake mwenyewe, kitana kimelala mapajani. Siku saba alikuwa amemwita Kezia muuza ploti, asubuhi na jioni. Alisikia kila neno. Alisikia pia pale ambapo neno lilipaswa kuwa na halikuwapo.

 

Jumamosi, mlangoni mwa ukumbi wa Tena, kulikuwa na meza na karatasi: jina, kitambulisho, simu, sahihi. Kezia alivaa miwani, akaanza kusoma kutoka juu, akimuuliza Mitchelle maana ya kila mstari. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna.

"Mama, si usaini twende!"

"Unasoma mtihani ama?"

Alifika mwisho, akairudisha kalamu. "Sitii sahihi."

"Bila sahihi hakuna soda wala nauli," alisema mwenye meza.

"Nimekula nyumbani."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bango kubwa lilisema Mtandao Ni Wetu Sote. Mbele waliketi wakubwa, Bwana Opicho akiwa miongoni mwao, na nyuma kabisa waliketi makarani wake, walioletwa kujaza viti. Sylvance alikuwa hapo. Alimwona mkewe akiingia na akajikuta anatengeneza tai isiyokuwa na kasoro.

Balozi alikuwa mrefu, na mkononi alivaa shanga zenye rangi za bendera ya Kenya. "Niaje, Eastlands!" alianza, na vijana wakapiga mluzi. Kisha akahamia Kiingereza, na Carolyne akatafsiri. Alisema intaneti haiwezi kuachiwa serikali na makampuni peke yao. Alisema kila mtumiaji, hata mdogo kabisa, lazima apate kiti mezani. Mbele yake simu ilikuwa imesimamishwa juu ya fimbo, inarusha kila kitu moja kwa moja kwenye ukurasa wa ubalozi.

Wakati wa maswali maikrofoni ilipita kwa vijana watatu waliouliza kuhusu ufadhili. Wa nne, aliyeketi karibu na Mitchelle, aliitazama maikrofoni, akamtazama Kezia, akampa.

"Naitwa Kezia Mideva, napika Mowlem," alisema. "Mheshimiwa Balozi, umesema kila mtu apate kiti. Mimi niko kwenye ukurasa wako siku ya kumi. Umeandika ninawalisha watu maji ya mtaro. Ni uongo. Nilipojibu, ulinifungia nje. Kiti changu kiko wapi?"

Carolyne aliinamia maikrofoni yake. Alimweleza Balozi kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru, na anauliza kuhusu ushiriki wa akina mama.

"Hajasema hivyo!" mtu alipiga kelele.

"Hajashukuru!" Mitchelle alisimama. "Tafsiri vile amesema!"

"Tafsiri! Tafsiri!"

Carolyne aliona nyuso alizokulia nazo, zote zinamtazama. Akarudia, neno kwa neno. Balozi hakuacha kutabasamu, ila tabasamu lilibaki peke yake usoni. Alisikitika kwamba mama anahisi hivyo. Lakini ubalozi hauweki picha ya mtu bila idhini, na idhini ipo, imetiwa sahihi. Angefurahi kuzungumza naye kando, baadaye.

"Kando?" Kezia alisema. "Picha haikuwekwa kando. Mliiweka mbele ya watu, tutaongea mbele ya watu." Ukumbi ukavuma. Alingoja utulie. "Mimi ni mtu wa chama. Kwetu kanuni haipiti kama watu hawajakaa. Leo tumekaa. Natoa pendekezo: picha ya Kezia Mideva itolewe kwenye ukurasa wa Balozi, na iandikwe hapo hapo kwamba yale maneno hayakuwa kweli. Nani anasekondi?"

Waliokuwa wakivuma walitazama soda zao. Vikundi vya vijana vilikuwa na barua za maombi ya ufadhili ndani ya mifuko, na kila mmoja aliijua yake. Bwana Opicho aligeuka polepole, akatazama safu ya makarani. Kezia alisimama na maikrofoni hadi watu wa mbele wakaanza kukohoa.

"Nasekondi."

Ilitoka karibu na mlango. Muthoki alikuwa amesimama juu ya benchi ili aonekane.

"Nasekondi, na kabla hamjaandika nina jambo. Hiyo sahihi mnayoringa nayo si yake. Ni yangu." Ukumbi ulivuta pumzi. "Siku hiyo yeye alikuwa nyuma ya kanisa, anawapakulia nyinyi pilau, na mlikula, sikuona mtu akiulizia maji! Nilimwekea jina asikose nauli. Hapa kwetu jirani humwekea jirani. Kama ni kughushi, naitwa Muthoki, Mowlem, ploti ya Obura, namba tano. Polisi waje, nitawasuka wakingoja. Yeye alijua tangu Alhamisi na hakunitaja. Mimi niliyemtukana wiki nzima! Na ile mia tano yenu nitawatumia leo, tena na ada ya kutoa!"

Kicheko kilipasua ukumbi. Balozi alimgeukia Carolyne. Carolyne akatafsiri yote, mpaka ada ya kutoa, na hakulainisha hata mahali pamoja.

"Limesekondiwa," Kezia alisema. "Wanaokubali?"

Mikono iliinuka kwanza upande wa akina mama, kisha kwa vijana, wengine wakishika soda kwa mkono mwingine. Nyuma kabisa, mkono wa Sylvance Owuor ulipanda hadi kwenye sikio, ukasita. Bwana Opicho alikuwa anamtazama. Sylvance alikumbuka kikombe. Akaunyoosha mkono mpaka shati likatoka ndani ya suruali.

Saa hiyo matangazo yalikatwa. Kwenye kioo ilibaki bendera tu. Lakini ukumbini kulikuwa na simu zaidi ya mia mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa mfukoni.

 

Picha iliondolewa Jumapili mchana, bila neno la kuomba radhi. Mahali pake ubalozi uliweka nyingine, Balozi anacheka na mikono ya watu imeinuliwa nyuma yake, na maneno kwamba mjadala ulikuwa wa kusisimua. Mitchelle aliiona kwa simu ya rafiki yake, maana wao bado walikuwa wamefungiwa.

Ile ya zamani haikufa. Ilibaki katika magrupu ya watu, na itabaki. Jumatatu asubuhi Sylvance alipewa barua ya kuhamishwa stoo ya mita, mtaani Lucky Summer, chumba kisicho na dirisha. Aliikunja akaiweka mfukoni, na siku hiyo hakubeba kikombe cha mtu. Saa saba Masinde alisimama upande wa pili wa barabara na mkate chini ya kwapa, akamtazama Kezia, akavuka. Walikuja watano. Zamani walikuwa arobaini. Yule wa kofia ya plastiki aliomba omena bila kuinua macho, na Kezia alimpakulia ya kutosha kama mwingine yeyote, akampa na supu.

Muthoki aliitwa kwa chifu saa nane kuandikisha maelezo, kwa sababu kuna mtu alikuwa amepiga simu kutoka juu. Alikaa huko saa mbili na nusu. Aliporudi, ua ulikuwa umejaa tena, milango yote wazi, lakini safari hii hakuna aliyemuuliza kitu. Wengine walimwonea fahari, wengine walikuwa wamekwisha kuambiana kwamba atafungwa na haikuwa vizuri kuonekana naye karibu. Alipita katikati yao, mkoba kifuani, akaanza kutafuta tundu la kufuli.

"Muthoki." Kezia alikuwa amesimama mlangoni mwa namba sita, mwiko mkononi.

"Niache nipumzike, Kezia. Nimeambiwa nirudi Ijumaa."

"Utarudi Ijumaa. Leo ugali uko mezani."

"Wiki nzima nilikuita muuza ploti."

"Nilisikia. Ukuta ni mbao."

Muthoki alicheka kidogo, kisha macho yakamjaa machozi, akageuza uso upande wa ukuta. "Watu wanaangalia," akasema kwa sauti ya chini.

"Najua wanaangalia."

Ndani, Sylvance alikuwa amesogea pembeni ya kochi kuacha nafasi, na Mitchelle amesimama na birika la maji na beseni la kunawia, akingoja mikono. Kezia alimshika Muthoki kiwiko.

"Ingia ule," alimwambia, kwa sauti iliyofika mpaka getini. "Na huo mlango usiufunge."